Baada ya Barua ya Ajira: Mtu Asiyeona na Safari ya Kupanda Cheo

Nashukuru kwamba chuo chetu kimeuleta mhadhara huu huku Entarara, Kaunti ya Kajiado, maana wengi ambao habari hii inawahusu hawana nauli ya kwenda kusikiliza mihadhara Nairobi.

Mimi sioni tangu utotoni. Maneno haya nayasoma kwa vidole, kutoka karatasi za breli zilizo mbele yangu. Kila ninapoalikwa kuzungumzia ajira ya watu wasioona huulizwa swali lile lile: waajiri watashawishiwa vipi watuajiri? Swali hilo lina haki yake, lakini huishia mlangoni. Mtu akishapewa barua ya ajira, watu hupiga makofi, picha hupigwa, kisha kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake. Leo nataka tuingie ndani ya ofisi na tukae humo miaka 20. Mtu asiyeona aliyeajiriwa akiwa na miaka 25, akifika 45 atakuwa ameketi kwenye kiti gani? Katika ofisi nyingi ninazozijua, atakuwa kwenye kiti kile kile alichoonyeshwa siku ya kwanza.

Hali hii ina historia. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mwaka 1956 kikaundwa kwa sheria Chama cha Wasioona cha Kenya, na mwaka 1958 ikaanza kazi taasisi ya ufundi ya wasioona ya Machakos. Waliozijenga taasisi hizi walifanya kazi kubwa, nami ni tunda lake. Lakini pamoja na shule ilikuja orodha ya kazi. Kijana asiyeona angesuka vikapu, angeshona ngozi, angefuma sweta. Akisoma zaidi, angekuwa mwalimu. Na akiwa na Kiingereza kizuri na sauti ya upole, angekuwa opereta wa simu.

Nataka kukaa kidogo kwa opereta wa simu, kwa sababu habari yake ina mengi ya kutufundisha. Kwa miaka mingi, ukipiga simu kwenye wizara, benki au hospitali kubwa nchini mwetu, aliyekupokea mara nyingi alikuwa mtu asiyeona. Mbele yake palikuwa na ubao wa swichi. Nambari za ndani, mia na zaidi, alikuwa nazo kichwani. Alijua sauti ya mkurugenzi na sauti ya mke wa mkurugenzi. Alijua idara ipi hailipi wauzaji kwa wakati, kwa sababu wauzaji walipitia kwake wakilalamika. Alijua malalamiko ya wateja hupanda mwezi gani, na afisa gani hukwepa simu. Kama palikuwa na mtu mmoja aliyejua jinsi umma ulivyoiona taasisi ile, ni yeye.

Kisha zikaja laini za moja kwa moja, ikaja simu ya mkononi, ikaja mitambo inayojibu yenyewe. Swichi zikang'olewa. Nilitarajia, kama ambavyo nanyi mngetarajia, kwamba mtu mwenye ujuzi ule angehamishiwa kwenye huduma kwa wateja na pengine kupewa idara hiyo aiongoze. Badala yake, wengine walipewa kiti cha mapokezi wasubiri kustaafu. Wengine walipewa kiinua mgongo na kusindikizwa hadi lango. Mwajiri alikuwa ameajiri vidole juu ya swichi, na swichi ilipokwisha akaona mtu naye amekwisha. Mpaka leo jambo hilo huniuma, kwa sababu baadhi yao walikuwa walimu wangu wa maisha.

Lakini mtu anaweza kubadili njia akipewa nafasi. Henry Wanyoike wa Kikuyu alikuwa fundi viatu na mkimbiaji chipukizi. Mwaka 1995, akiwa na miaka kama 21, kiharusi kilimpokonya karibu uwezo wake wote wa kuona. Alikwenda Machakos akajifunza kufuma kwa mashine, kisha akarudi kwenye mbio, safari hii akiwa amefungwa kamba mkononi na mwongozaji wake. Katika Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000, kwenye mita 5,000, mwongozaji aliishiwa nguvu karibu na utepe, na Wanyoike ndiye aliyemvuta hadi wakamaliza wakiwa wa kwanza. Mwaka 2004 mjini Athens alishinda mita 5,000 na 10,000. Watu hupenda kusimulia medali. Mimi huvutiwa zaidi na ile miaka ya katikati, baina ya 1995 na 2000, ambapo kulikuwa na hospitali ya kumsikiliza, chuo cha kumpokea na rafiki wa kukimbia naye. Bila hivyo vitatu, Kenya isingelijua jina lake.

Kama Wanyoike, wengi wetu tusioona hapa Kajiado hatukuzaliwa hivyo. Kaunti hii ni miongoni mwa zile zilizosumbuliwa kwa muda mrefu na trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope. Bakteria hupita kutoka jicho hadi jicho kwa nzi, kwa mikono, kwa kitambaa cha kupangusia uso wa mtoto. Mtoto huugua, hupona, huugua tena. Kila mara ndani ya kope hubaki kovu, na makovu yakijaa, kope hukunjwa kuelekea ndani, nywele zake zikakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Akina mama huumia kuliko wanaume kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto. Tiba ipo: dawa ya azithromycin hugawiwa kwa jamii nzima, kope hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, na maji ya kunawa uso huzuia mengi. Lakini angalieni umri. Jicho linaanza kuharibika utotoni, na giza linaingia mtu akiwa mtu mzima, ana ng'ombe, ana ushanga wa kuuza, ana kibanda sokoni, au anafanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la bidhaa za kuuza nje, pale Athi River.

Mtu huyu hamo kwenye hotuba zetu. Sera zinamfikiria kijana aliyetoka Thika na cheti mkononi. Mama wa miaka 40 aliyekuwa msimamizi wa mstari wa cherehani hahitaji kufundishwa kazi, maana anaijua kuliko bosi wake. Anahitaji miezi michache ya kujifunza fimbo nyeupe, simu inayozungumza na njia mpya ya kukagua mshono kwa vidole, na ahadi ya maandishi kwamba kiti chake kinamngoja. Kwa sasa anachopata ni maneno ya pole na safari ya kurudi nyumbani.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ililenga kuwatengea asilimia 5 ya nafasi za kazi, na ikamruhusu mwajiri binafsi kutoa katika mapato yake yanayotozwa kodi asilimia 25 ya mshahara anaomlipa mfanyakazi mwenye ulemavu, na asilimia 50 ya gharama za kurekebisha mazingira ya kazi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, ilitaja breli kwa jina. Mwaka 2025 tulipata sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Katika sensa ya 2019, watu zaidi ya 330,000 walihesabiwa kuwa na ulemavu wa kuona. Kwa hiyo tunazo namba na tunazo sheria. Upungufu ninaouona ni kwamba asilimia 5 huhesabu vichwa tu. Taasisi inaweza kuitimiza kwa wafagiaji, matarishi na wapokea wageni, kisha ikaandika ripoti safi kabisa.

Sasa niwaeleze kinachomzuia mtu huyu kupanda. Siku hizi kazi zote za maana zinapita kwenye skrini: likizo, tathmini ya utendaji, bajeti, maombi ya cheo. Sisi tunatumia programu ya kusoma skrini. Moja yao, NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na mwenzake asiyeona, James Teh, na mtu yeyote anaipata bure. Nikibonyeza kitufe cha kuhama, sauti inanitajia nilipo: "Jina, sehemu ya kuandika." "Tarehe ya kuzaliwa, sehemu ya kuandika." Ninakwenda kwa kasi kuliko wengi wanaoangalia. Lakini nikiingia kwenye mfumo ambao aliyeutengeneza hakuvipa vitufe vyake majina, ninachosikia ni hiki: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha." Kimojawapo kinatuma ombi langu, kingine kinalifuta, na hakuna njia ya kujua kipi ni kipi. Au ninatumiwa fomu iliyopigwa picha na kuhifadhiwa kama PDF. Kwa macho ni ukurasa wenye maneno, ila kwa programu yangu ni ukurasa mtupu.

Marekebisho yake ni madogo. Aliyetengeneza mfumo anaandika neno moja nyuma ya kila kitufe. Fomu inahifadhiwa kutoka kwenye kompyuta badala ya kuchapwa, kupigwa muhuri na kuskaniwa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya kijana asiyeona aliyeomba kazi ya kuhudumia wateja katika kampuni kubwa ya simu, akakosa kwa sababu mifumo ya kampuni haikupatana na programu ya kusoma skrini. Mahakama ilisema haki zake zimekiukwa, ikaamuru alipwe fidia. Naomba wanasheria waliomo humu waitie uzito hukumu hiyo, kwa sababu, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, inahamisha mzigo: kasoro iko kwenye mfumo, na mwenye mfumo ndiye wa kuirekebisha.

Pengine mtasema, si anaye msaidizi wa kumsomea? Wasaidizi wametutendea mema mengi, nami siwadharau. Lakini fikirini ofisi ya bosi asiyeona. Barua ya siri kuhusu nidhamu ya mfanyakazi inasomwa na msaidizi kwanza. Nywila iko kwa msaidizi. Msaidizi akiugua, bosi haonekani kazini hata akiwa amekaa mezani kwake. Na kamati ya kupandisha vyeo hunong'ona: kazi hii hasa anaifanya nani? Nimewahi kuketi kwenye mkutano wa mwajiri wangu wa zamani, bajeti ya idara yangu mwenyewe ikigawiwa mezani kwa karatasi zilizochapwa, nikaulizwa maoni yangu kabla ya mtu yeyote kunisomea mstari mmoja. Siku ile nilionekana mtu asiye na maoni.

Mlango mwingine hufungwa mapema zaidi, darasani. Kwenye KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, upo mtihani wa Biolojia ulioandaliwa mahsusi kwa wasioona. Fizikia na kemia hazina mtihani wa namna hiyo. Watoto wetu wanaelekezwa kwenye historia, dini na lugha, kisha chuoni tunashangaa kwa nini wote wanasomea ualimu na sheria. Sheria imetupa watu wa kujivunia, kama Josephine Sinyo, wakili asiyeona aliyeteuliwa kuingia bungeni baada ya uchaguzi wa 1997. Dakta Samuel Tororei, asiyeona pia, alikuwa kamishna wa haki za binadamu, kisha kamishna wa Tume ya Taifa ya Ardhi. Nawaheshimu sana. Hata hivyo natamani mtoto wa Entarara asiyeona awe pia na njia ya kuwa mtaalamu wa takwimu au mhandisi wa programu, kazi ambazo leo hufanywa kwa kibodi na sauti.

Kwa vijana wasioona waliokaa safu za mbele nina neno la kaka mkubwa. Msiiache breli kwa sababu simu inazungumza. Mtu anayesikiliza tu haijui tahajia ya anachosikia, na barua zake humfichua. Mkiwa na breli mtasimama mbele ya bodi na kusoma hoja zenu bila kutegemea kumbukumbu, kama ninavyofanya sasa. Na mkiajiriwa, ombeni mafunzo kila mwaka kwa maandishi, na mtunze nakala. Anayesubiri kukumbukwa husubiri sana.

Kizuizi kingine ni njia ya kufika kazini. Kitengela iko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Nairobi, na inakua kwa kasi. Ardhi inagawanywa, nyua zinajengwa, kijia ambacho mguu wangu ulikizoea kinakutana na waya mpya. Stejini bodaboda zimeegeshwa juu ya sehemu ya kutembea, na mtaro hauna kifuniko. Mfanyakazi anayefika amechelewa kwa sababu alitumbukia mtaroni huandikwa kwenye daftari sawa na aliyechelewa kwa usingizi, na daftari hilo hufunguliwa siku ya kupandisha vyeo.

Kwa hiyo ombi langu kwa chuo hiki, kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kajiado na kwa waajiri wa Kitengela na Athi River ni moja. Mnapotoa hesabu ya wafanyakazi wenye ulemavu, msitupe jumla peke yake. Tupeni kila mtu yuko daraja gani la mshahara, aliingia mwaka gani akiwa daraja gani, na mara ya mwisho alipelekwa mafunzoni lini. Majina hayahitajiki. Waongezeni pia waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa kazini, na muandike ni wangapi walirudi kwenye nafasi zao. Chuo hiki kinaweza kuanza na sisi wenyewe tuliomo humu ndani, muhula huu, nami niko tayari kuwa wa kwanza kwenye orodha.