Mwanamke Mwenye Duka: Mwenendo wa Wandia Gichuru na Hali Yetu Makoongwe



Nimetakiwa nizungumzie uongozi wa mwanamke katika biashara ya rejareja. Nimemchagua Wandia Gichuru wa Nairobi, mmoja wa waasisi wa kampuni ya nguo ya Vivo, kwa sababu aliyoyafanya yanaweza kupimwa kwenye duka lolote, hata la chumba kimoja hapa kisiwani Makoongwe.

Kwanza tuelewane. Wandia hakuanzia gengeni. Kabla ya kuwa na duka aliajiriwa miaka mingi katika mashirika ya kimataifa, ikiwemo Benki ya Dunia. Wanaosimulia habari zake kana kwamba alitoka mikono mitupu wanatupotosha: alikuwa na elimu, kipato na watu wa kuwaendea. Mwaka 2011, yeye na mwenzake Anne-Marie Burugu walianza kuuza mavazi ya dansi na mazoezi.

Wateja wakaja, lakini si wachezaji peke yao. Wanawake walizinunua nguo zile kwa ajili ya kazini na matembezini. Mwengine angeng'ang'ania kibao chake cha mlangoni. Wandia aliwafuata wateja walikoelekea. Kampuni ikageukia nguo za kila siku, na baadaye ikaanza kushona zake yenyewe hukohuko Kenya, kwa kuzingatia maumbo ya wanawake wa kwetu.

Kushona karibu kuna hesabu yake. Anayeagiza nje huchukua mzigo mkubwa, hulipa kabla, husubiri meli. Mtindo ukikataliwa, mtaji umelala. Anayeshona karibu hutoa nguo chache, huzitundika, hutazama zinavyotoka, ndipo akate nyingine. Naamini hilo limeisaidia Vivo kusimama katika soko lililojaa mitumba, ambayo kwa bei haishindiki. Leo ina maduka zaidi ya 20 Kenya, na imevuka mipaka hadi Kigali.

Sasa tujitazame. Mzigo wetu unatoka Darajani, Unguja, au Kariakoo, Dar es Salaam, unashushwa bandari ya Mkoani, Pemba, kisha unadai nauli ya mashua hadi hapa. Dira linalododa kabatini limeshakula nauli mara mbili. Na mafundi cherehani tunao! Jora likikatwa madira manne ya vipimo tofauti, yakatundikwa mapema kabla ya Ramadhani, mwenye duka atajua la kushona kwa Idi kabla hajamaliza kitambaa.

Atakayesema hayo ni mambo ya Nairobi, nampeleka mbali zaidi. Kate Swann aliongoza maduka ya WHSmith, Uingereza, kuanzia 2003 hadi 2013. Alipunguza muziki na filamu, bidhaa zenye faida kiduchu, akaegemea vitabu na vifaa vya kuandikia, akapanua maduka ya vituo vya treni, viwanja vya ndege na hospitali. Mauzo yakashuka, faida ikapanda. Alilaumiwa kwamba maduka ya mitaani yamechakaa, na lawama hiyo si ya uongo. Lakini alijua kwamba anayesubiri safari hana nafasi ya kuzunguka akilinganisha bei. Pale Mkoani abiria wa boti ya Unguja husubiri saa nzima na zaidi. Wangapi kati yetu tumewahi kuwapelekea kitu?

Kuna jambo ambalo Wandia na Swann hawatufundishi, nalo ni deni. Wateja wao hulipa wakaondoka. Wetu ni wifi, shangazi na jirani, na kumnyima mtu kilo ya mchele ni kutafuta maneno ya mwaka mzima. Isitoshe, pesa ya mkulima wa mwani hufuata bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu: avune, aanike, mnunuzi aje, ndipo alipe. Mimi siungi mkono wanaotuambia tubandike "leo hakuna mkopo". Tukopeshe, lakini tarehe ya kulipa ipangwe kwa bamvua, si kwa mwisho wa mwezi, ambao ni wa wenye mishahara.

Kwa kazi ya vikundi, kila mmoja achukue karatasi yenye safu tatu: kilichouzwa taslimu wiki iliyopita, kilichokopeshwa na bamvua ya kulipwa, na kilichoulizwa kisiwepo. Safu ya tatu ndiyo itakayotuchukua muda, kwa sababu madaftari mengi hayana nafasi yake. Wasioandika watamke, wenzao wawaandikie. Tutazisoma baada ya sala ya adhuhuri.