Njia ya Maji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baadu.

Ndugu Waislamu, mwaka wa 17 wa Hijra mvua kubwa iliteremka Makka, mji uliozungukwa na majabali makavu. Mkondo wake uliingia katika Msikiti Mtakatifu, ukalichukua jiwe la Maqamu Ibrahim. Wanahistoria wanasimulia kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab alipopata habari alitoka Madina kwa haraka, akalirudisha jiwe mahali pake, kisha akaamrisha upande wa juu wa mji ujengwe ukuta wa kuyazuia maji. Hakuwa mtu wa imani haba, wala hakutosheka na dua peke yake.

Huenda tukauliza, jangwa na gharika wapi na wapi? Ardhi ya jangwa ni ngumu, na majabali yake hayana majani. Maji hayazami, huporomoka. Bonde lililokaa kavu miaka mingi hujaa kwa muda mfupi, na waliomo humo huweza kufikiwa na maji hali mbingu juu yao i safi.

Hayo ndiyo yaliyowafika watu wa Jeddah tarehe 25 Novemba 2009, mwezi 8 Dhulhija, mahujaji wakielekea Mina. Katika saa chache ilinyesha mvua ya milimita 90 hivi, kupita kiasi cha mwaka mzima. Watu zaidi ya 100 walifariki, wengi wao katika mitaa iliyojengwa mabondeni. Mji ulikuwa umekua, lakini mitaro haikukua pamoja nao. Mabwawa na mifereji mikubwa ilijengwa baadaye.

Basi yatupasa tuijue hatari kabla ya mvua: tuwaulize wazee maji yalipita wapi, wataalamu wayapime mabonde, ndipo viwanja vigawanywe. Anayejenga katika njia ya maji, au anayeziba mtaro kwa takataka, hajidhuru nafsi yake tu. Maji aliyoyazuia huingia kwa jirani yake, na hiyo ni dhuluma. Na bonde likitiririka, tusilivuke kwa gari. Maji ya kina cha sentimita 60 yaendayo kasi huweza kuyachukua magari mengi.

Bwana Mtume alimwelekeza bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ategemee. Nasi tuifungue njia ya maji, kisha tutegemee.

Ewe Mola wetu, ijaalie mvua yetu iwe ya rehema, na uwarehemu waliochukuliwa na maji. Amin.