Machozi, Mate ya Swila na Utando wa Seli

Machozi ya binadamu yana kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2. Kazi yake ni kukata lipidi, yaani mafuta yanayojenga utando wa seli, na kwa njia hiyo huua bakteria wengi. Sumu ya kifutu, yule anayejilaza kwenye majani makavu ya mikorosho, ina kimeng'enya cha ukoo huohuo. Ya swila pia. Jicho huoga machozi yake kutwa nzima lisiungue, lakini swila akilitemea mara moja, huvimba na huenda likapofuka. Jibu la haraka ni kwamba kimeng'enya cha nyoka ni kikali. Si uongo, ila ni nusu ya jibu. Nashikilia kwamba nusu ya pili imo katika seli inayoshambuliwa: namna lipidi zake zilivyopangwa ndiyo inayoamua kama kimeng'enya kitapata pa kuuma.

Utando una tabaka mbili za lipidi, jambo ambalo Gorter na Grendel wa Uholanzi walilionyesha mwaka 1925. Ya nje imejaa fosfatidilikolini, sfingomielini na kolesteroli zilizobanana. Ya ndani huificha fosfatidiliserini, lipidi yenye chaji hasi. Kimeng'enya hakiwezi kukata lipidi ingali imekaa mahali pake. Sharti kwanza kiivute iingie katika kishimo chake. Mkulima wa ufuta analijua hili: mganda uliokazwa kamba ni kazi kuuchomoa bua moja, ukilegea hata mtoto anachomoa. Seli hai huukaza mganda wake kwa kutumia nishati, ATP, kila dakika, ikirudisha ndani fosfatidiliserini inayotoroka. Kalsiamu ikifurika ndani ya seli, kazi hiyo husimama, lipidi za tabaka zote mbili huchanganyika, na mganda hulegea.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwenye limfositi, seli nyeupe za kinga. Limfositi za panya za ukoo wa S49, zikuzwazo maabarani, zilipokuwa na afya zilistahimili fosfolipesi ya sumu ya nyoka. Zilipotiwa ionomisini, dawa inayoingiza kalsiamu, kimeng'enya kilekile kilianza kuzitafuna. Zilizokwisha kuanza kufa zilitafunwa vilevile. Kimeng'enya hakikubadilika, utando ndio uliobadilika.

Mtu atapinga kwamba sumu si kimeng'enya kimoja. Kweli, ya swila ina pia protini ndogo zinazovuruga utando, na utafiti wa mwaka 2021 kuhusu swila watemao wa Afrika na Asia ulionyesha kuwa fosfolipesi huzidisha maumivu yaletwayo na protini hizo. Mimi nausoma kama ushahidi wa upande wangu: mmoja hulegeza mganda, mwenzake huchomoa mabua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fosfolipesi ya nyoka hushika hata fosfatidilikolini, ambayo ile ya machozi haiipendi sana. Hilo nalikubali. Lakini limfositi za S49 zilijaribiwa kwa kimeng'enya cha nyoka chenyewe, wala si cha machozi, na bado zilistahimili.

Sasa twende shambani, wakati wa kuokota korosho. Aliyeumwa na nyoka mguuni hufungwa kamba kwa nguvu na kuchanjwa chale. Madaktari wamelikataza hilo siku nyingi, kwa hofu ya mguu kuoza na damu kumwagika. Elimu ya utando inaongeza sababu nyingine, ingawa hii ni hoja ya kufikiri, haijatoka wodini: mguu ulionyimwa damu hukosa oksijeni, ATP huisha, kalsiamu hufurika. Seli za kinga zilizokimbilia jeraha tunazilegeza kwa mikono yetu wenyewe, mbele ya kimeng'enya kinachosubiri.

Jicho lililotemewa lioshwe kwa maji mengi. Aliyeumwa mguu avuliwe viatu na bangili, mguu utulizwe kwa banzi, na apelekwe kituo cha afya bila kamba wala chale.