Mgunga wa Malambo na Gunia la Mkaa

Wanaosoma Biblia wanaujua mwaloni kwa jina, kutokana na habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuuona. Kusini mwa Sahara mwaloni hauoti wenyewe. Barani Afrika unapatikana kaskazini, katika nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia. Huko upo mmoja usiopukutisha majani yote majira ya baridi. Mengine hukauka, mengine hubaki mabichi mpaka machipukizi yatokeze.

Tabia inayokaribia hiyo nimeiona hapa kwetu, Malambo, wilayani Ngorongoro, mashariki ya Serengeti kuelekea Ziwa Natron. Huko adui si baridi, ni kiangazi. Nilifika nyasi zimekwisha na vumbi limetanda. Lakini migunga, ambayo Wamasai huiita oltepesi, ilikuwa bado na kijani kichwani, imetandaza matawi kama mwavuli.

Mti huu unawezaje? Kwanza, jani lake limegawanyika vipande vidogo kuliko punje ya mchele, hivyo haupotezi maji mengi. Pili, mzizi wake mkuu huzama chini sana kuyafuata maji. Kiangazi kikizidi, hupunguza majani, nusu uvue, nusu ubaki nayo. Una miiba ya namna mbili: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyopinda kama ndoana.

Wataalamu huuita Vachellia tortilis. Zamani walisema Acacia tortilis. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake uliosokotwa, kwa sababu maganda ya mbegu zake hujisokota. Maganda hayo huanguka wakati malisho yameadimika, na mbuzi huyakimbilia. Mbegu ni ngumu. Nyingine hupita tumboni nzima, zikatoka na samadi, tayari kuota. Basi mti humlisha mbuzi, na mbuzi huupanda mti.

Nilimwuliza mzee mmoja, "Baba, mti huu hamuukati?"

Akanijibu, "Tawi tunakata, mwanangu. Ukikata shina, mwakani mbuzi utamlisha nini?"

Swali hilo nimerudi nalo mjini. Mgunga hutoa mkaa mzito wenye moto mkali, na sisi wanunuzi ndio tunaoupenda. Mimi pia napikia mkaa, simnyoshei mtu kidole. Lakini gunia moja halimalizi hata miezi miwili jikoni kwangu, na shina lililotoa mkaa huo lilichukua miaka mingi kunenepa.

Basi tuanze na dogo. Tutumie jiko banifu, tuloweke maharage kabla ya kuyapika, tuzime makaa chakula kikiiva. Na tumwulize muuzaji: huu ni mkaa wa mti gani? Akijibu ni mgunga, tumkumbuke yule mbuzi wa Malambo anayengoja maganda.