Mwenye Jina Akirudi Darasani

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Kilosa na Mikumi)



Neno "kujiendeleza" limepatwa na mkosi maofisini. Aghalabu likitamkwa, masikio husikia ruhusa ya masomo, cheti kipya na ngazi nyingine ya mshahara; na cheti kikishapatikana, faili hufungwa, na mwenye faili hufungwa pamoja nalo. Neno hilo halikuanza hivyo. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, uliikuta nchi ikiwa na takriban theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma wala kuandika. Waliokwenda madarasani jioni, jembe likiwa limewekwa ukutani muda mfupi tu uliopita, hawakuahidiwa nyongeza yoyote ya mshahara, kwa kuwa mshahara wenyewe hawakuwa nao. Zikafuata kampeni za redio na vikundi vya kusoma, "Mtu ni Afya" mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" mwaka 1975. Na ilipofika 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya mmoja katika kila watu kumi. Walimu wa siku hizo wanafahamu kwamba kazi ngumu haikuwa kufundisha herufi. Kazi ngumu ilikuwa kuiondoa haya ya mtu mzima kushika kalamu mbele ya mwanawe.

Haya hiyo haikufa. Imehama kutoka kwa wasiojua kusoma, ikaenda kukaa kwa waliosoma. Asiyejua hana jina la kulinda. Lakini mwalimu mkuu, mhasibu wa halmashauri, au msanii ambaye nyimbo zake zinaimbwa na watoto wa shule, huyo akianza jambo jipya atakosea hadharani, na watakaomcheka ni wale wale waliompigia makofi jana. Hapo ndipo wengi waliojaliwa vipaji husimama, wakarudia kazi ya miaka kumi iliyopita mpaka mashabiki wakaondoka mmoja mmoja.

Mfano wa aliyekubali kuchekwa upo hapa hapa wilayani. Joseph Haule, ambaye Watanzania wanamjua zaidi kwa jina la Profesa Jay, aliingia katika sanaa akiwa katika kundi la Hard Blasters, nyakati ambazo muziki wa kufoka ulihesabiwa na wazazi wengi, na hapana budi kusema na walimu wengi, kuwa ni uhuni ulioletwa kwa kanda kutoka Marekani. Hata jina lake la kwanza la kisanii lilikuwa la kuazima huko huko. Jina hilo akaliacha, na kwa Kiswahili kilichopangwa vizuri kundi lake likatoa mwaka 2000 albamu ya "Funga Kazi". Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akatoa "Machozi, Jasho na Damu", na humo umo wimbo wa "Ndio Mzee". Mwanasiasa anasimama jukwaani, anamwaga ahadi zilizopita mipaka ya akili, na umati unaitikia kila ahadi kwa neno moja la kukubali. Kejeli ile ilikuwa na makali pande mbili: ilimkata mwenye kuahidi, ikamkata na mwenye kuitikia. Si ajabu kwamba wazee waliokuwa wakiudharau muziki wa vijana waliusikiliza wimbo huo mpaka mwisho.

Sasa tazameni mambo yalivyokwenda. Mwaka 2015 mtunzi wa kejeli hiyo akasimama yeye mwenyewe jukwaani, akaomba kura za jimbo la Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akachaguliwa. Wapo waliosema ni jina tu lililomchagua, na katika neno hilo mna ukweli wake, maana jina hukusanya watu kiwanjani bila gharama ya matangazo. Ila jina halimwandikii mtu swali la nyongeza. Jimbo la Mikumi si jukwaa la tamasha: lina wakulima wadogo wa miwa wanaokiuzia kiwanda cha sukari bondeni Ruhembe, lina vijiji vinavyopakana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako tembo hawasomi ramani ya mipaka, na limo katika wilaya ambayo ugomvi wa mkulima na mfugaji umekwisha kumwaga damu zaidi ya mara moja. Ndani ya Bunge kuna Kanuni za Kudumu, kuna vitabu vya bajeti vyenye vifungu na kasma, kuna dakika chache za kusema na kengele ya kuzikata. Mtu aliyezoea kwamba ukumbi mzima hunyamaza akishika kipaza sauti, hapo anaanza tena darasa la kwanza, na wanafunzi wenzake ni mawakili na wahasibu.

Jambo moja aliingia nalo ambalo wenzake wengi hawakuwa nalo. Alikuwa na wimbo wake. Mbunge mwingine akiahidi asitimize, wananchi humlaumu kwa maneno yao wenyewe. Huyu angelaumiwa kwa maneno yake, tena kwa vina. Mwenye kubadili kazi hufikiri kwamba ya kwanza ameiacha nyuma, kumbe imemtangulia, imekaa mbele inamngoja na mizani mkononi. Kama aliutimiza wajibu wake au hakuutimiza, swali hilo wapiga kura wa Mikumi walipewa nafasi ya kulijibu mwaka 2020, na kiti kikaenda kwa Dennis Londo wa CCM. Mwanafunzi anaweza kufanya kazi yake vizuri asifaulu, na anaweza kufaulu bila kuifanya. Kura haitofautishi hayo mawili.

Kushindwa uchaguzi kumewamaliza watu wengi wenye majina. Wengine huanza kuishi katika wakati uliopita, wakiitwa Mheshimiwa na marafiki wachache wenye huruma. Kwa Haule mtihani uliofuata ulikuwa mkali kuliko wa kura: mwanzoni mwa 2022 aliugua sana, akalazwa Muhimbili, akakaa muda mrefu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alipopata nafuu alitoa mwaka 2023 wimbo uitwao "Siku 462", jina linalotokana na hesabu ya siku za ugonjwa wake, kisha akaanzisha taasisi ya kuwashughulikia wagonjwa wa figo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuita ugonjwa shule, na maneno ya namna hiyo afadhali waachiwe wale ambao hawajaugua. Lililo la kuangaliwa ni kwamba msanii huyu aliporudi kwenye sanaa hakwenda kuuchukua wimbo wa 2001 akaupiga rangi upya. Alichukua kitu kipya alichokijua, tena kwa gharama kubwa, akakitungia.

Watu wa mkoa huu wanayo kumbukumbu ya zamani zaidi. Mbaraka Mwinshehe alikuwa nguzo ya Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mtu wa kawaida angekaa hapo mpaka uzee. Mwaka 1973 akaondoka, akaunda Super Volcano, akaanza kujenga bendi upya. Akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa bado kijana. Yeye hakubadili kazi, gitaa lilibaki gitaa. Alibadili nyumba ya kulipigia, na hilo nalo ni darasa, kwa sababu kuongoza watu hakufundishwi na nyuzi. Na kwa watumishi wa umma, ambao mara nyingi husema kwamba ofisi haiwaachii nafasi, ni vema kumkumbuka Shaaban Robert. Aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka thelathini akawa karani wa serikali ya kikoloni, huku akiandika mashairi, insha na riwaya ambazo walimu wa leo wanazifundisha. Kazi ya ofisi ilimlisha. Haikumpa ruhusa ya kuacha kujifunza, na yeye hakuiomba.

Pamoja na hayo, si kila mabadiliko ni kujifunza. Wapo wasanii wanaohamahama, leo mchoraji, kesho mwigizaji, keshokutwa mtangazaji, na kila wanakofika huondoka kabla mazoezi hayajaanza kuuma. Kipimo ni rahisi: aulizwe ni nani anayemfundisha kazi hiyo mpya. Asipokuwa na jina la kutaja, awe ni mzee wa ngoma, fundi mitambo wa studio au kijana anayemzidi ujuzi wa kompyuta, basi huyo amebadili nguo tu.

Ndugu walimu, suala hili halipo mbali na ubao wenu. Mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2024, na katika shule za msingi limo somo la Sanaa na Michezo. Wengi wanaotakiwa kulifundisha walipitia vyuoni pasipo kushika brashi wala marimba, na hofu ni kwamba kipindi hicho kitageuzwa kuwa cha kufagia uwanja, au kitaazimwa na Hisabati kila mtihani ukikaribia. Kozi fupi zitakuja pale zitakapokuja. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, lakini haiwezekani kila shule ya Kilosa kumpeleka mwalimu huko. Wakati huo huo, nyuma ya shule hizo hizo wanaishi Wasagara, Wakaguru na Wavidunda waliozeeka, wapiga ngoma, wasusi na wafinyanzi, ambao hawana cheti hata kimoja na wanalijua somo zima.

Mwalimu akitaka kulifundisha somo hilo kwa haki, itampasa aende kwa mzee wa namna hiyo bila chaki, akae mkekani, akosee mbele ya wajukuu wanaomwita mwalimu asubuhi, na arudi tena wiki ijayo. Mzee naye ana shamba la kupalilia, na saa anazozitoa zina thamani. Je, atapewa nini, na kitatoka katika fungu lipi? Hilo kamati za shule zinaweza kulijadili na kuliamua kabla muhula haujafunguliwa, bila kungoja waraka.