Kuongezea Si Kubadilisha

Msimu wa korosho ukikaribia, magari ya Mandawa, huku kwetu Lindi, huanza kufufuliwa. Hilux iliyolala chini ya mwembe tangu ufuta uishe inawashwa, Canter inafungwa matairi, Land Cruiser ya zamani inapigwa grisi ili ibebe magunia kwenda ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika. Oili ya injini inamwagwa na kuwekwa mpya, maana hiyo kila mtu anaijua. Lakini zipo oili mbili ambazo mwenye gari anaweza kuzeeka nazo bila kuzimwaga hata mara moja: ya klachi na ya stelingi. Hizi huongezewa tu. Na ugomvi wangu wa leo ni huo.

Tuanze na klachi. Oili yake haiungui. Imo kwenye njia iliyofungwa: kikopo chini ya boneti, masta silinda, kimrija, kisha silinda ya chini pembeni mwa giaboksi. Breki zikilika, kikopo chake kinaweza kushuka kidogo bila chochote kuvuja, kwa sababu pistoni zimesogea mbele. Klachi haina kisingizio hicho. Kikopo chake kikipungua, oili imetoka nje. Basi kabla ya kukimbilia dukani, inama chini ya dashibodi, tazama pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Kama rangi ya bati imebambuka na zulia limelowa, masta silinda inavuja. Kisha ingia chini ya gari, funua kimfuniko cha mpira cha silinda ya chini. Kikidondosha, raba zimekwisha, na hata ukiongezea kila Jumatatu hujatengeneza kitu.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Oili ya klachi ndiyo ile ile ya breki, na oili hiyo hunyonya maji hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Huku kwetu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, ikaendelea hadi Aprili, na gari linashinda nje. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 ikashuka hadi 155. Kwenye breki hilo ni suala la uhai. Kwenye klachi joto si kubwa kiasi hicho, lakini maji yale yale yanatia kutu ndani ya silinda, kutu inakwaruza raba, na raba inaanza kupitisha. Ndiyo maana inashauriwa kuibadilisha kila baada ya miaka miwili hivi, kikopo kijae kisijae.

Na hapo naomba niwaseme wauzaji wetu wa vipimo. Oili ya breki iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikakaa rafuni imefunguliwa, imeshaanza kunyonya kabla hujailipia. Nunua kopo dogo lenye lakiri. Baya zaidi ni yule anayekwambia, "Bosi, hii haidroliki tu, inaingia popote." Haiingii popote! Oili nyekundu ya stelingi ukiitia kwenye klachi, raba zinavimba, pedali inashuka na kugoma kurudi, na dawa yake ni kufungua mfumo mzima na kubadilisha raba zote. Soma kifuniko cha kikopo: kikisema DOT 3 au DOT 4, fuata hicho. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo mbili, ingawa namba zinafuatana.

Watu wa Nachingwea, huku huku Lindi, si wageni wa mitambo. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga, wakafyeka mapori, wakajenga reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Mvua na udongo vilichangia, lakini pia mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita, zimechoka, na vipuri havikutosha. Sisi nasi tunaendesha magari ya mtumba kutoka Japani. Aliyekuuzia hakukwambia ndani mna oili ya mwaka gani. Chukulia kwamba ni ya zamani.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani, mradi uwe na mtu wa kukanyaga pedali. Futa vumbi kwenye kikopo kabla ya kukifungua. Vumbi letu jekundu likiingia mle, linakula raba kuliko kutu. Nyonya oili ya zamani kwa bomba la sindano, jaza mpya. Chini, kwenye kinati cha kutolea upepo, chomeka kimpira kinachoangaza, ncha yake izame kwenye chupa yenye oili safi kidogo. Mwenzako akanyage ashikilie. Wewe legeza kinati, oili itoke, ukaze, ndipo aachie. Akiachia kabla hujakaza, mfumo utavuta hewa na mtaanza upya. Endelea mpaka itoke safi bila mapovu, na kikopo kisikauke hata mara moja. Oili ikidondokea rangi ya gari, mwagia maji papo hapo, kwani inabambua. Magari ambayo klachi na breki zinachota kikopo kimoja mpelekee fundi.

Stelingi ni nyepesi zaidi. Kwanza hakikisha gari lako lina oili hiyo: IST na Vitz zinatumia mota ya umeme, hakuna cha kubadilisha. Toyota nyingi za zamani hutumia Dexron, ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, ila Honda inataka ya kwake. Sikushauri ufungue mipira ya pampu. Nyonya iliyomo kwenye kikopo, jaza mpya, washa gari, zungusha usukani kulia na kushoto, zima, rudia mpaka wekundu urudi. Usiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho, pampu inajichemsha yenyewe. Oili ikiwa nyeupe yenye povu, imeingia hewa.

Oili chafu usiitie kwenye chupa ya soda. Ile ya breki ni sumu, na kuna inayokuwa na utamu, na mtoto haulizi. Mtu akiimeza, apelekwe hospitali pamoja na kopo lenyewe.

Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa, washa gari likiwa hapo hapo uani, ingiza gia ya kwanza, kisha rivasi. Rivasi ikikwaruza, upepo bado umo, rudi chini na kimpira chako.