Barua Pepe Zilipogoma Ofisini: Tuliyojifunza

Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi, aliyoitoa mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili katika mkutano wa robo mwaka.



Tumesimama kueleza kwa nini baadhi yenu mlikaa siku kadhaa bila kujibiwa barua zenu. Tungeweza kusema mtandao ulikuwa mbovu, na wengi mngekubali. Lakini haikuwa hivyo. Kosa lilikuwa letu, na tumeona ni vema kulieleza lote ili sharika zenye kompyuta zisije zikapata shida hiyo hiyo.

Kompyuta ya ofisi ya miradi inatumia mfumo wa Linux, aina ya Ubuntu, ambao hauhitaji kununuliwa leseni. Barua tunazisoma kwa programu ya Thunderbird. Kwa kuwa intaneti yetu hukatika mara kwa mara, tuliipanga programu hiyo ichukue barua kutoka kwenye seva, izihifadhi ofisini, kisha izifute kule zilikotoka. Faida yake ni kwamba barua ya zamani husomeka hata pasipo mtandao. Hasara yake ni kwamba nakala hubaki moja tu, ndani ya kompyuta moja.

Jumatatu moja asubuhi, baada ya umeme kukatika usiku huku kompyuta ikiwa imeachwa inawaka, tulifungua Thunderbird tukakuta kikasha cha barua ni kitupu. Barua mpya nazo zilikataa kuingia. Katika zile zilizopotea machoni yalikuwamo maswali ya mfadhili kuhusu makisio ya kisima, na majibu yalitakiwa Ijumaa. Usharika unaohusika ulikuwa umekwisha kusomba mawe na mchanga kwa nguvu zao wenyewe. Nasi hatukuwa na nakala ya karatasi.

Ushauri wa kwanza tulioupata ulikuwa huu: ondoeni programu, kisha iwekeni upya. Tulikaribia kuufuata, na hapo ndipo tungeharibu kabisa. Katika Ubuntu 24.04, iliyotolewa Aprili 2024, Thunderbird huja kama kifurushi cha aina ya Snap, na folda ya barua hukaa katika eneo la kifurushi hicho. Ukikiondoa, waweza kuondoa na barua zako zote.

Basi tulifanya kazi hatua kwa hatua, kama ifuatavyo.

Kwanza, tulifunga programu na kutafuta folda yenyewe. Hukaa ndani ya folda ya mtumiaji, mahali paitwapo snap/thunderbird/common/.thunderbird. Jina lenye nukta mwanzoni huwa limefichwa; ukibonyeza Ctrl na H pamoja katika dirisha la mafaili, huonekana. Tuliinakili folda yote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

Pili, tuliangalia nafasi ya diski kwa amri ya df -h. Diski ilikuwa imejaa asilimia 100. Hii ndiyo sababu barua mpya hazikuingia: hapakuwa na mahali pa kuziandika. Tulihamisha video za semina kwenye diski ya nje, na nafasi ikapatikana.

Tatu, tulishughulikia kikasha kilichoonekana kitupu. Thunderbird huweka barua zenyewe katika faili iitwayo Inbox, na orodha ya barua hizo katika faili nyingine iitwayo Inbox.msf. Umeme ukikatika orodha ikiwa inaandikwa, orodha huharibika ilhali barua zipo. Tuliangalia ukubwa wa faili ya Inbox tukakuta ni kubwa kama kawaida. Hapo tulipata moyo. Tulifuta ile ya .msf peke yake, tukafungua programu na kusubiri. Programu ilitengeneza orodha mpya, na barua zikarudi, pamoja na ile ya mfadhili. Tafadhali zingatieni: faili isiyo na .msf isiguswe kamwe, maana hiyo ndiyo barua zenyewe.

Nne, tulibana folda. Wengi wetu tulidhani kwamba ukifuta barua, nafasi yake hurudi. Sivyo. Barua iliyofutwa huondoka machoni, lakini hubaki ndani ya faili mpaka utoe amri ya kubana folda. Kazi hiyo nayo huhitaji nafasi, kwa sababu programu huandika faili mpya kwanza. Ndiyo maana haikuweza kufanyika kabla ya hatua ya pili.

Majibu ya mfadhili yalitumwa Alhamisi jioni. Lakini ukweli ni kwamba tuliponea chupuchupu. Kama diski ingekufa usiku ule, mawasiliano ya miaka mingi na sharika zenu yangekwenda nayo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo tumeamua yafuatayo. Kila Ijumaa folda ya barua itanakiliwa kwenye diski ya nje, na diski zitakuwa mbili za kupokezana, moja ikikaa nje ya ofisi. Barua zitaachwa kwenye seva kwa siku 30 kabla ya kufutwa. Kompyuta itazimwa kila jioni. Tena watumishi wawili, si mmoja, watajua kazi hii. Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: fedha za kununua diski ya pili na UPS tumeziweka katika makisio ya robo ijayo, nanyi mtaona stakabadhi zake.

Kwa sharika zenye kompyuta, tunaongeza jambo moja dogo. Programu ikilalamika kuhusu cheti cha usalama cha seva, tazameni kwanza tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na cheti kizuri huonekana hakifai. Betri hiyo, kwa kawaida aina ya CR2032, hubadilishwa bila kununua kompyuta nyingine.

Mwisho, tunawaomba radhi wote mliosubiri. Mkituma barua siku tatu zikapita bila jibu, msikae kimya mkadhani mmepuuzwa. Pigeni simu ofisini.